Maji ya Mutungi na Maji ya Bidoni: ile p tunaandika kwenye TFC inasema nini?

Wenzangu, tuambiane ukweli. Wengi wetu tulimaliza chuo, tukaandika TFC, na kwenye sura ya matokeo tukaweka: "p ni ndogo kuliko 0,05, kwa hiyo tunakataa ipotezi ya sifuri." Siku ya kutetea, kama juri ingeniuliza mimi "hiyo p ni nini?", ningeangalia dari. Formula nilijua, hesabu kompyuta ilifanya, lakini maana haikuingia. Iliingia baadaye, kwa vikombe 8 vya maji. Ndiyo nataka kuwaeleza leo, hasa nyinyi mnaofundisha huku kwetu Lulimba, sababu jaribio hili halitaki kompyuta wala kura ya umeme.

Kwetu watu wanasema maji ya mutungi iko tamu kuliko maji ya bidoni ya manjano. Tuseme kalasini mwanafunzi mmoja anainua mkono: "Mwalimu, mimi natambua mara moja, hata macho yakifungwa." Usibishane naye. Mpime.

Chemsheni maji kwenye sufuria moja. Yakipoa, nusu iingie mutungini, nusu kwenye bidoni safi, yalale usiku. Hapa kuna mtego: mutungi unatoa jasho, maji yake yanakuwa baridi. Ukiyapeleka hivyo hivyo, mwanafunzi atatambua baridi, si ladha, na nyinyi mtashangilia bure. Kwa hiyo asubuhi mimineni yote kwenye chupa za aina moja, muziache pahali pamoja saa kadhaa mpaka joto lilingane. Kisha vikombe 8 vinavyofanana: 4 vya mutungi, 4 vya bidoni. Nani apange? Si mwalimu kwa kichwa chake. Wekeni kwenye mfuko punje 4 za mahindi na 4 za maharagwe, mtu atoe moja moja bila kuangalia: hindi ni mutungi, haragwe ni bidoni. Anayemimina aandike mpangilio, akunje karatasi, atoke nje. Anayempa mwonjaji vikombe asijue kitu, maana hata uso unaongea.

Mwonjaji anaambiwa kwamba viko 4 na 4. Kazi yake ni kuchagua vinne anavyosema ni vya mutungi.

Kabla hajaonja, andikeni ubaoni: "Anabahatisha tu." Hiyo ndiyo H0, ipotezi ya sifuri. Si kwamba tunamtukana. Tunaianza hiyo kwa sababu bahati tunaweza kuihesabu. Andikeni pia sheria: tutaiacha H0 akipata vyote vinne tu. Sheria iandikwe kabla. Ukiiandika baada ya kuona matokeo, hapo umekuwa wakili wa mwanafunzi wako.

Sasa hesabu. Kuchagua vikombe 4 katika 8 kuna njia 70. Katika hizo 70, njia 1 tu inapata vyote vinne. Njia 16 zinapata vitatu, 36 viwili, 16 kimoja, na 1 inakosa vyote. Anayebahatisha ataweza vyote mara 1 katika 70, yaani asilimia 1,4.

Lakini msiishie kwenye hesabu, sababu ubaoni hata mimi nilishaiona bila kuielewa. Chukueni ule mfuko wa punje. Kila mwanafunzi afunge macho, atoe punje 4, ahesabu mahindi, arudishe. Wekeni alama ubaoni. Kalasi ikiwa na watu 35, tarajieni kama 8 au 9 watakaopata mahindi matatu au manne. Hakuna aliyeonja kitu! Ni mkono tu ndani ya mfuko.

Sasa tuseme mwonjaji wetu amepata vitatu kwa vinne. Kalasi inapiga makofi. Mwangalieni ubao: bahati tupu inatoa matokeo mazuri hivyo au zaidi mara 17 katika 70, asilimia 24 hivi. Hiyo 24 ndiyo p. Haisemi kwamba kuna asilimia 24 kwamba anabahatisha, kosa ambalo nimelisoma kwenye TFC nyingi. Inasema: *kama* angekuwa anabahatisha, matokeo ya namna hii au bora zaidi yangetokea mara ngapi.

Basi ni mwongo? Hapana. Hatujaikataa H0, lakini hatujaithibitisha pia. Vikombe 8 ni vichache, vinamhukumu vikali. Mpeni 12, sita na sita: njia zinakuwa 924, na akikosea kimoja tu katika vile sita anavyochagua, p ni 37 kwa 924, asilimia 4. Sasa mtu mwenye ulimi mzuri anaruhusiwa kuteleza mara moja.

Jaribio hili si letu. Liliwekwa kwenye kitabu na Ronald Fisher mwaka 1935, alikotoa mfano wa bibi aliyesema anatambua kama maziwa au chai ndiyo ilitangulia kikombeni. Vikombe vilikuwa 8 vile vile. Jambo linalonichekesha: kitabuni hakuandika bibi alipata vingapi. Kwake jambo lilikuwa namna ya kuuliza.

Kitu kimoja cha kuangalia. Mkiwapima wanafunzi 70 wote, tarajieni mmoja atapata vinne kwa bahati, na atatembea kifua mbele. Ndiyo sababu kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi kunaweza kupatikana mtu anayesema aliota shimo na akalipata. Uliza wameota wangapi.

Na kama mnaona ni mchezo wa vikombe, mkumbuke Ebola. Novemba 2018, Beni, lilianza jaribio lililoitwa PALM, yaani Pamoja Tulinde Maisha, Profesa Muyembe akiwa kati ya viongozi wake. Dawa nne, na kura iliamua mgonjwa apate ipi, kama punje zetu. Kati ya 169 waliopewa ZMapp walikufa 84. Kati ya 174 waliopewa mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, walikufa 61. Bahati tupu ingetoa tofauti kubwa hivyo mara 7 hivi katika 1000. REGN-EB3 nayo ilifanya vizuri. Hata hapo sheria ya kusimamisha ilikuwa imeandikwa kabla, na Agosti 2019 ilitimia: ZMapp na remdesivir zikatolewa kwenye kura. Mwezi huo huo Ebola ikaingia Mwenga, kwa majirani zetu wa Fizi, na dawa za kuchagua zilikuwa zimebaki mbili.