Jumapili ya Wageni

Huenda wewe msomaji umepata kuona gari likiingia kijijini, vumbi likilifuata nyuma, na ndani yake wamo wageni sita au saba, wazee kwa vijana, ambao hawakuja kununua mahindi wala kutazama tembo. Hao ni Wakristo wa nchi ya mbali waliokuja kukaa na kanisa la mahali pale kwa siku chache, kisha warudi kwao. Safari yao si kama ile ya wamisionari wa zamani. Wale wa Berlin waliofika nyanda za juu za kusini mwaka 1891 walikuja kukaa. Walijifunza lugha za wenyeji, wakajenga, na wengine wao wakazikwa huku. Hawa wa siku hizi huja kwa majuma mawili, na katika majuma mawili Jumapili ni mbili tu. Kwa hiyo yafaa tujue Jumapili ya namna hiyo huendaje, na ni jambo gani dogo laweza kuiharibu.

Tuchukue mfano wa Iringa. Tangu mwaka 1987 Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri imefanya urafiki na Walutheri wa Saint Paul, katika jimbo la Minnesota huko Marekani. Urafiki huo huitwa Bega kwa Bega, na hata Wamarekani wenyewe hulitaja jina hilo kwa Kiswahili. Usharika wa huku hupewa mwenzake wa kule. Huombeana, huandikiana, hutembeleana, na wale wa kule husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari. Wenyeji wa Iringa nao wamepata kwenda Minnesota, wakashangaa theluji, na wakashangaa zaidi kuona ibada imekwisha kwa muda wa saa moja.

Katika mwezi wa Juni au Julai, kengele inapolia Iringa saa nne ya asubuhi, huko Saint Paul ni saa nane ya usiku. Basi usimcheke mgeni akisinzia wakati wa mahubiri, maana mwili wake bado haujafika. Tena baridi ya Iringa miezi ile huwauma, kwa kuwa wengi hudhani Afrika yote ni joto, wakaacha masweta yao nyumbani.

Wageni huamkiwa kwa Kihehe, "Kamwene," nao huitikia vivyo hivyo, watoto wakafurahi sana. Kisha huketishwa mbele. Kwaya ya vijana huimba, na ya wanawake, na kwaya kuu, na mara kwa mara sauti ya wimbo huwa ni ile ile waijuayo kwao tangu utoto, ingawa maneno hawayafahamu. Hapo utaona mzee wa Kimarekani akifumba macho na kuimba kwa lugha yake, jirani yake akishika kitabu cha Mwimbieni Bwana, na wimbo usiharibike.

Ndipo wageni husimama kujieleza, na hapa ndipo penye kazi ya mkalimani. Kijana wa Marekani hupenda kusema upesi, "Nimefurahi kuwapo," akaketi. Lakini wenyeji wangojea salamu. Wataka kujua ametumwa na nani, wale waliokuja mwaka uliopita hawajambo, na yule mama aliyekuwa mgonjwa amepona au amefariki. Kwa mgeni hayo ni kupoteza wakati; kwa mwenyeji ndiyo sababu hasa ya safari. Mkalimani mwema humnong'oneza mgeni ayaseme, wala hayabuni mwenyewe.

Baada ya baraka watu hutoka wakiimba. Wa kwanza hupewa mikono na wa pili, na wa pili na wa tatu, kila mmoja akijiunga mwisho wa mstari, hata watu wote wawe wamesimama duara nje ya kanisa, na hapana aliyesalia bila kushikwa mkono. Kisha huanza mnada. Maana si kila mtu ana fedha ya kutia kikapuni. Mwingine huleta mayai, au debe la mahindi, au kuku aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa huvinadi vitu hivyo, na majirani huvinunua, na fedha huingia katika hazina ya usharika. Hivyo maskini ametoa sadaka, na jirani yake ameigeuza kuwa fedha. Ni kazi ya watu wawili.

Mwaka mmoja nilikuwa mkalimani katika usharika wa milimani. Bibi mmoja mjane alileta jogoo mwekundu. Mnada ulianza kwa shilingi elfu tano, fundi wa baiskeli akafika elfu kumi na mbili, mkewe akimvuta koti. Mara kijana mmoja katika wageni akainua mkono akasema, laki moja. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilijua kwamba haifai, wala sikumwambia neno, kwa sababu nyumba ya mwinjilisti ilihitaji mabati. Vitu vilivyosalia vilinunuliwa na wageni vyote, fundi akarudisha fedha zake mfukoni, na duara likaanza kulegea.

Jioni bibi alinijia. Akaniuliza, "Mwanangu mwalimu, jogoo wangu wa mwezi ujao atauzwa kwa bei gani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilikwenda kwa yule kijana nikamweleza habari yote, pamoja na kosa langu la kunyamaza. Alinyamaza kitambo, uso umemwiva. Akasema kwamba kwao mtu akinunua kwa bei kubwa namna ile huhesabiwa kuwa ametoa vizuri, naye hakufikiri kwamba amewafunga wengine midomo. Kuhusu mabati nilimshauri azungumze na baraza la wazee, ambako mambo ya mabati huzungumzwa.

Jumapili ya pili hakuinua mkono hata mara moja. Lakini wakati wa sadaka alikwenda mbele, akavua kofia yake ya sufu, akaitia katika kikapu pamoja na mayai. Mzee wa kanisa alipoinadi, alianza kwa shilingi elfu moja. Fundi wa baiskeli akasema mbili. Bibi akafungua pindo la khanga yake, akahesabu polepole, akasema, "Elfu tatu na mia tano." Fundi akatikisa kichwa akacheka, na bibi akaivaa kofia juu ya kilemba chake, akaenda nayo nyumbani.