MBONA MUUGUZI ANAULIZA MASWALI MENGI HIVYO?

Tukitembelea vikundi huku Molo, Njoro, Subukia na Bahati, kuna lalamiko moja ambalo halikosi. Mtu amempeleka ndugu yake kwenye kliniki ya magonjwa ya akili. Amelipa nauli ya watu wawili, ameacha ng'ombe kwa jirani, na mgonjwa mwenyewe amebembelezwa siku tatu ndipo akakubali kuja. Wakifika, muuguzi hachukui sindano wala hatoi dawa. Anavuta kiti na kuanza kuuliza: Nyumbani analala na nani? Shule aliachia darasa la ngapi? Shamba mnalolima ni la nani? Mlihamia hapo mwaka gani? Mwenye mgonjwa anakasirika. Anasema moyoni, "Mimi nimeleta mgonjwa, sikuleta kesi."

Ndugu wanakikundi, maswali hayo si udaku, na si kupoteza wakati. Hiyo ni sehemu ya matibabu yenyewe. Wauguzi huiita tathmini ya nafsi na jamii, maana yake ni kumwangalia mgonjwa moyoni mwake na pia katika maisha anayoishi na watu. Tukiielewa kazi hii, tutamsaidia mgonjwa wetu apate dawa inayomfaa. Tusipoielewa, tutaficha mambo, na yule atakayeumia ni mgonjwa.

Maswali ndiyo kipimo

Ukiwa na malaria, tone la damu linatosha kuonyesha. Ukivunjika mguu, kuna eksirei. Lakini hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha huzuni iliyozidi, wala mashine ya kupiga picha ya sauti ambazo mtu anazisikia peke yake. Damu itapimwa, ndiyo, lakini ni kwa kutafuta magonjwa mengine. Ugonjwa wa akili wenyewe hujulikana kwa kumwangalia mgonjwa, kumsikiliza, na kuwauliza wanaoishi naye.

Hebu tuchukue mfano. Wanaume watatu wameletwa siku moja. Wote hawajalala kwa siku nne, wanaongea peke yao na wanaona vitu ambavyo wengine hawavioni. Wa kwanza ana joto kali mwilini: ni malaria iliyopanda kichwani. Wa pili alikuwa akinywa chang'aa kila siku kwa miaka kumi, na juzi akaacha ghafla kwa sababu pesa ziliisha. Mikono inamtetemeka. Huyo yuko katika hatari kubwa, maana mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa ghafla unaweza hata kuleta kifafa na kifo. Wa tatu hana joto wala hanywi, lakini kwa miezi minane amekuwa akijitenga, akisema majirani wanamsema kwenye redio.

Ukiwaangalia kwa macho tu, wote ni "wazimu". Lakini matibabu yao hayafanani hata kidogo. Kilichowatenganisha ni kupima joto la mwili na kuuliza: Ilianza lini? Anatumia nini? Aliacha lini? Sasa fikiria kama mke wa yule wa pili angeona haya kusema habari ya chang'aa.

Muuguzi anatafuta nini?

Kwanza, mwili. Atauliza juu ya kifafa, kuumia kichwa, sukari, presha, virusi vya ukimwi, na dawa zote anazotumia, pamoja na miti shamba. Mama aliyejifungua juzi ataulizwa kuhusu uzazi, kwa sababu kuna ugonjwa wa akili unaokuja baada ya kuzaa.

Pili, nafsi. Hapa anauliza na pia anaangalia. Mgonjwa amevaaje? Anaongea haraka au polepole? Anajua leo ni siku gani? Anajiona kuwa mgonjwa, au anasema ameletwa kwa nguvu? Kwa huzuni iliyozidi, kuna karatasi ya maswali tisa inayotumika nchi nyingi, hata hapa Kenya. Inauliza juu ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukata tamaa, na mengineyo. Kila jibu linapewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Anayefikisha 10 au zaidi anahitaji kuangaliwa kwa makini. Alama peke yake haikati neno. Inamwonyesha muuguzi mahali pa kuendelea kuuliza.

Tatu, nyumba na riziki. Nani anapika? Nani atakumbuka siku ya sindano ya mwezi? Kuna deni? Kuna ugomvi wa shamba? Muuguzi akimwandikia mtu dawa ya kumezwa na chakula, na nyumbani hula mara moja kwa siku, dawa hiyo itaachwa. Basi ni heri ajue mapema.

Nne, mambo yaliyopita. Huku kwetu swali la "mlihamia hapa mwaka gani" lina uzito. Wengi wetu tulipitia vita vya kikabila vya 1992 huko Molo na Olenguruone, vya 1998 huko Njoro, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wakati uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulipogeuka kambi ya waliofukuzwa makwao. Bwawa la Solai lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40. Maji yakabeba nyumba na watu karibu na Mai Mahiu tarehe 29 Aprili 2024. Mtu anaweza kujenga tena, akalima, akaoza watoto, na bado akaruka kitandani kila mvua ikipiga mabati. Usiposema, muuguzi hawezi kubahatisha.

Tano, imani. Ataulizwa kama ameombewa, au kama amepelekwa kwa mganga. Msifiche. Swali hili si la kuwacheka. Anataka kujua nyinyi mnaelewaje ugonjwa huu, na kama kuna mtu aliyewaambia muache dawa. Maombi na dawa vinaweza kwenda pamoja.

Sita, nguvu aliyo nayo. Alikuwa akifanya kazi gani vizuri? Anapenda nini? Anamsikiliza nani? Muuguzi mzuri hamalizi bila kuuliza haya, kwa sababu mgonjwa atainuka kwa kushika hicho kilichobaki kizima.

Swali lililo gumu zaidi

Kuna swali ambalo huwashtua watu: "Umewahi kufikiria kujiua?" Wengine husema ati kuuliza hivyo ni kumwonyesha njia. Sivyo. Kumwuliza mtu kwa upole hakumtii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kutua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake.

Zamani familia zilificha kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilisema kujaribu kujiua ni kosa. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Mtu wa namna hii ni mgonjwa wa kutibiwa. Semeni ukweli wote, hata kama alijaribu zamani.

Na muuguzi akiwauliza dawa za kunyunyizia viazi na za kuogeshea ng'ombe zinawekwa wapi, mjue anajaribu kuokoa maisha. Zifungieni kwa kufuli, au mpeni jirani awawekee mpaka mgonjwa apate nafuu. Nchi ya Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za shamba zilizo kali zaidi, idadi ya watu waliojiua ilishuka sana.

Haki za mgonjwa

Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilirekebishwa mwaka 2022. Inatambua haki ya mgonjwa kukubali matibabu, kushiriki katika kuyapanga, na kutunziwa siri. Kwa hivyo msishangae muuguzi akiwaomba mtoke nje kidogo aongee naye peke yake. Kuna mke ambaye hawezi kusema anapigwa huku mume amekaa kando. Tena, kama mgonjwa anajieleza vizuri kwa lugha ya mama, ombeni mtu mzima wa kutafsiri. Mtoto asibebeshwe siri za wazazi wake.

Kikundi kinaweza kufanya nini?

1. Kabla ya safari, andikeni kwenye karatasi: ugonjwa ulianza lini, ulianzaje, dawa alizotumia, na nani mwingine katika ukoo aliwahi kuugua hivyo. Bebeni kadi za zamani na chupa za dawa.

2. Aende na mtu anayeishi naye. Mjomba aliyekuja jana kutoka mjini hawezi kujua mgonjwa analala saa ngapi.

3. Anzieni kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona inafaa, watawatuma hospitali ya rufaa ya Nakuru, ile ambayo wengi bado wanaiita PGH, yenye kitengo cha magonjwa ya akili. Si kila mgonjwa ni wa kupelekwa Mathari, Nairobi.

4. Akirudi, mtembeleeni. Mrudisheni kwenye mchango wa kikundi, hata kama kwa sasa atatoa kidogo.

5. Mliyoyasikia yabaki hapo. Siri ikifika sokoni, mgonjwa wa pili hatasema kitu.

Watu wa kawaida wanaweza kujifunza kusikiliza vizuri. Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kazi ya akina nyanya waliofundishwa kukaa kwenye benchi nje ya kliniki. Humwuliza mtu maswali 14 kwa Kishona, wakamsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Baadaye watu hao hukutana kikundini, wakifuma mikoba ya kuuza huku wakizungumza. Akina nyanya huku kwetu tunao, na vikundi tunavyo. Benchi ni mbao mbili na misumari.

Maswali ya kujadili kikundini

Katika kijiji chetu, ni nani amefungiwa ndani kwa sababu ya ugonjwa wa akili, na nani wa kwenda kuongea na familia yake?

Ni jambo gani ambalo sisi wenyewe tungeona aibu kumwambia muuguzi, na kwa nini?

Dawa za shamba katika nyumba zetu zinawekwa wapi usiku wa leo?