Kamba Fupi, Boya Mbali

Hebu nikutegee kitendawili. Boya liko mita 11.5 kutoka katikati ya njia ya motaboti, nayo kamba ina mita 10.25 tu. Anayevutwa atalizungukaje?

Huu ndio mchezo wa slalomu ya majini. Mchezaji husimama juu ya ubao mmoja, mguu huu mbele, ule nyuma. Boti huenda moja kwa moja, naye huzunguka maboya sita, matatu kila upande. Akifaulu, mwendo huongezwa hadi kilomita 58 kwa saa kwa wanaume, 55 kwa wanawake. Kisha kamba ya mita 18.25 hufupishwa hatua kwa hatua.

Jibu ni mwili! Hujilaza ubavu karibu aguse maji, akanyosha mkono mmoja. Urefu wake mwenyewe hujaliza pengo.

Kwa anayejifunza: vaa jaketi la kuelea, kunja magoti, nyosha mikono, uache boti ikuvute. Tena botini wawe wawili. Dereva hana macho kisogoni, ati! Ukianguka, ni yule mwenzake atakayekuona kwanza.