Salamanda wa Uchina: Mamilioni kwenye mabwawa, mitoni hawaonekani

KATI ya 2013 na 2016, watafiti walichunguza maeneo 97 ya mito nchini Uchina wakimsaka salamanda mkubwa wa nchi hiyo. Walipata 24 pekee, katika maeneo manne. Ilhali kwenye mabwawa ya wafugaji nchini humo, salamanda hawa huhesabiwa kwa mamilioni.

Salamanda, ambaye hapatikani Afrika Mashariki, ana umbo la mjusi lakini ngozi yake ni laini isiyo na magamba, kwani yeye, sawa na chura, ni amfibia. Yule wa Uchina huweza kufikia urefu wa karibu mita 1.8, na hakuna amfibia mwingine duniani anayemshinda kwa ukubwa. Makao yake ni vijito baridi vya milimani, vyenye miamba na maji yaendayo kasi. Hupumua hasa kupitia ngozi, ndiposa hutaabika maji yanapochafuka, kutuama au kupata joto. Dume hulinda mayai pangoni chini ya maji.

Masaibu yake yalitokana na uharibifu wa mito pamoja na uwindaji. Nyama yake ilipogeuka kuwa kitoweo cha matajiri, ufugaji ulishamiri. Badala ya kuipunguzia mito mzigo, biashara hiyo iliuongeza, kwa kuwa wafugaji walitafuta wazazi wa kuzalisha kutoka porini.

Ili kurekebisha hali, salamanda wapatao 72,000 wa kufugwa waliachiliwa mitoni katika muda wa miaka kumi hivi kuanzia 2008. Lakini utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mnamo 2018 ulifichua kwamba waliodhaniwa kuwa aina moja ni angalau aina tano tofauti, kila moja ikiwa na eneo lake la asili. Mnamo 2019 aina moja ilipewa jina lake yenyewe, Andrias sligoi, na mnamo 2022 nyingine ikatambuliwa katika mkoa wa Jiangxi.

Mabwawani, aina hizo zilikuwa zimekwisha kuchanganywa. Hivyo basi, mnyama aachiliwaye mtoni huenda akazaana na wenyeji wachache waliosalia, na ukoo uliodumu mamilioni ya miaka ukatoweka bila yeyote kutambua. Aidha, wa kufugwa waweza kubeba maradhi.

Japani imeyaonja hayo. Katika mto Kamo jijini Kyoto, salamanda wa Uchina walioingizwa nchini kwa ajili ya chakula wamezaana na wale wa Japani, na machotara wameenea. Hata hivyo, nchi hiyo pia ina mfano wa kuigwa: bustani ya wanyama ya Asa huko Hiroshima ilifaulu kumzalisha salamanda wa Japani mnamo 1979, kwa kumtengenezea mapango yanayofanana na yale ya mtoni.

Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga. Uzalishaji utawafaa wanyama hawa iwapo kila mzazi atapimwa na ukoo wake kujulikana, koo zikatenganishwa, na watoto wakarejeshwa kwenye mto wa asili yao pekee. Nao mto huo sharti uwe safi na usiwe na wawindaji; la sivyo, kuwarejesha humo ni kuwapeleka kuangamia.