Kufika Ndiyo Kazi: Nguzo za Mawe za St Kilda

Tuanze na neno. Kiswahili hakina jina moja la jiwe refu linalosimama wima ndani ya bahari, likiwa limetengana na nchi kavu. Kigaeli cha Uskoti kinalo: stac. Neno hilo lilitoka katika lugha ya kale ya Waskandinavia, ambamo stakkr lilikuwa lundo la majani makavu shambani. Mabaharia waliona umbo linalofanana, wakalipa jiwe jina la shamba. Lakini lundo la majani unalifikia kwa miguu. Stac nyingi hazifikiki hivyo, na hapo ndipo ugumu wake ulipo.

Mara nyingi stac huanza kama sehemu ya pwani. Mawimbi hupanua nyufa za mwamba, nyufa zikawa mapango, mapango yakatoboka kuwa tao. Tao likianguka, hubaki nguzo peke yake.

Nguzo inayojulikana zaidi Uskoti ni Old Man of Hoy, yenye mita 137. Ilipandwa mara ya kwanza mwaka 1966 na Chris Bonington, Rusty Baillie na Tom Patey, na mwaka uliofuata televisheni ya BBC ikaonyesha wapandaji wakiipanda tena. Lakini mtu hushuka genge na kufika kwa miguu hadi chini yake. Kazi yote iko kwenye jiwe lenyewe.

St Kilda ni habari nyingine. Visiwa hivi viko katika Atlantiki, kilometa 64 hivi magharibi mwa visiwa vya Hebrides. Hapo zipo Stac Lee, mita 172, na Stac an Armin, mita 196. Watu wa kisiwa cha Hirta walizipanda kwa karne nyingi bila kutafuta sifa. Juu kulikuwa na maelfu ya ndege wa baharini: nyama yao ilikuwa chakula cha majira ya baridi, na manyoya yao yalilipa kodi kwa mwenye visiwa.

Walifikaje? Hakuna ufuo wala gati, na chini ya jiwe kina ni kirefu. Mashua husogezwa karibu na mwamba, lakini isiguse, maana wimbi moja laweza kuivunja. Mtu wa kwanza hujifunga kamba kiunoni, wenzake wakishika ncha ya pili. Husubiri wimbi liinue mashua hadi juu kabisa, kisha huruka. Akichelewa kidogo, mashua imekwisha shuka naye anaangukia majini. Akiruka vizuri, bado mwamba una mwani unaoteleza. Akishindwa, wenzake humvuta kwa kamba. Akishika imara, kamba ile ile huwasaidia wengine kupanda.

Mashua haiwezi kungoja hapo. Hurudi Hirta, na waliobaki juu hutegemea mambo mawili: bahari itulie, na nyumbani wawepo watu wa kutosha wa kupiga makasia. Jambo la pili hakuna aliyelifikiria, mpaka mwaka 1727.

Agosti ya mwaka huo wanaume 3 na wavulana 8 waliachwa Stac an Armin ili wawinde ndege kwa siku chache. Mashua haikurudi. Ndui ilikuwa imeingia Hirta, ikisemekana ililetwa na nguo za mwenyeji mmoja aliyefia kisiwa cha Harris, na iliua watu wengi mno hata mashua ikakosa wapiga makasia. Wale 11 walikaa juu ya jiwe majira yote ya baridi, wakila ndege na samaki. Waliokolewa Mei 1728, msimamizi wa mwenye visiwa alipokuja kama kila mwaka. Wote walikuwa hai. Jiwe lililowafunga ndilo lililowakinga na ugonjwa, ila walirudi kwenye kijiji kilichokwisha kuzika watu wake wengi.

Wakazi wa mwisho wa Hirta, 36, waliondoka tarehe 29 Agosti 1930, kwa ombi lao wenyewe. Ndege bado huzaliana juu ya Stac Lee na Stac an Armin, na wageni wengi huzitazama kutoka mashuani tu.