Kitambi na Ini: Uhusiano Usioonekana kwa Macho

Kwa muda mrefu kitambi kimehesabiwa kuwa dalili ya neema, na maradhi ya ini kuwa malipo ya mlevi. Dhana zote mbili zina hatari, kwani mtu ambaye hajapata kuonja pombe anaweza kuugua ini kwa sababu ya unene uliopita kiasi. Kinachounganisha mambo haya mawili ni mchochota, yaani hali ya mwili kuwaka na kuvimba pale kinga yake inapopambana na madhara.

Kwa asili, mchochota ni msaada. Mwiba ukichoma kidole, mahali pale huvimba, hupata joto na kuuma, kwa sababu chembe nyeupe za damu zimekimbilia hapo kuua vijidudu na kuponya jeraha. Kazi ikiisha, uvimbe hutulia. Kwa mtu mwenye unene uliokithiri, kazi hiyo haiishi.

Mafuta ya mwili huhifadhiwa katika seli maalumu. Chakula kinapozidi mahitaji kwa miaka mingi, seli hizo, hasa zile za ndani ya tumbo, hutanuka mno na baadhi hufa. Chembe za kinga hufika kuondoa mabaki, nazo hutoa kemikali zinazochochea mchochota. Mwaka 1993 watafiti nchini Marekani walionesha kuwa mafuta ya wanyama walionenepa hutengeneza mojawapo ya kemikali hizo, ambayo huufanya mwili usiitii insulini, homoni inayoratibu sukari.

Ini huathirika mapema kwa kuwa damu itokayo tumboni hupita humo kwanza, ikiwa imebeba mafuta pamoja na kemikali hizo. Mafuta yakizidi asilimia 5 ya ini, mtu huhesabiwa kuwa na ini lenye mafuta. Kwa wengi hali huishia hapo. Kwa wengine, chembe za kinga zilizomo ndani ya ini huamka, seli zake hujeruhiwa, na majeraha yanayojirudia huweza kuacha makovu. Makovu yakienea, ini hukakamaa na kushindwa kazi, na saratani yaweza kufuata.

Maradhi haya hukaa kimya kwa miaka. Macho kuwa ya manjano na tumbo kujaa maji ni dalili za ini lililokwisha kuharibika sana. Kwa hiyo mwananchi asisubiri maumivu. Chukua kamba yenye urefu sawa na kimo chako, ikunje katikati, kisha uizungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi kiasi.

Lililo jema ni kwamba ini lina uwezo mkubwa wa kujiponya kabla makovu hayajaenea. Kupunguza asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta ya ini. Kupunguza asilimia 7 hadi 10 huweza kutuliza mchochota wenyewe. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo 6 hadi 9, zipunguzwe taratibu. Soda na vinywaji vyenye sukari viachwe, vyakula vya kukaangwa vipunguzwe, kiasi cha ugali au wali kipungue na mboga na maharage viongezwe. Kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki husaidia hata kabla uzito haujashuka. Pombe huongeza madhara, vivyo hivyo virusi vya homa ya ini aina ya B. Ni vyema kuvipima. Dawa zinazouzwa mitaani kwa madai ya kusafisha ini ziepukwe, kwani baadhi huliumiza zaidi.

Mkazi mwenye kitambi, kisukari au shinikizo la damu anashauriwa kufika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, apimwe uzito, kimo na sukari. Mhudumu akiona haja, atampa rufaa kwenda hospitali kwa vipimo vya damu na picha ya ini. Aliyepimwa mapema ana nafasi ya kupona ambayo aliyechelewa huenda asiipate.