Udongo Mzuri wa Nyuma ya Nyumba: Tupande Nini?

Juma hili tutazungumza juu ya udongo. Labda utauliza, "Huu ni ukurasa wa afya. Udongo unahusu nini?" Unahusu sana. Chakula kinatoka udongoni. Damu ya mtoto inatoka katika chakula. Udongo ukichoka, mtoto naye hudhoofika. Lakini hata udongo mzuri unaweza kuleta balaa, kama tukipanda kitu kisichofaa.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anakaa Hamugembe, katika mji wa Bukoba. Kiwanja chake ni kidogo. Nyuma ya nyumba kuna migomba michache, mbuzi wawili na jalala. Anakaa na kijana wake aliyemaliza shule na hana kazi. Anakaa pia na mjukuu wa miaka miwili. Mjukuu huyo hachezi sana. Viganja vyake na midomo yake vimepauka. Zahanati wamesema ana upungufu wa damu.

Siku moja mama anakwenda kukata majani ya mgomba. Anaona madebe matatu yamefichwa. Ndani ya madebe kuna miche iliyostawi sana. Majani yake yamegawanyika kama vidole vya mkono. Udongo wake ni mweusi, umechanganywa na samadi ya mbuzi. Ni bangi.

Mama anamwita kijana. Kijana anajibu, "Waitu mama, usiogope. Sikutia mbolea ya kiwandani wala dawa ya dukani. Ni samadi tu. Huu ni mmea wa asili, hauna madhara. Tena utatupatia fedha."

Nyumba hii ni ya mfano tu. Lakini maneno ya kijana huyu tunayasikia mara nyingi. Je, amesema kweli?

SAMADI HAIONDOI UKALI WA BANGI

Kijana amesema kweli katika jambo moja. Samadi ni mbolea nzuri. Lakini amekosea katika jambo kubwa. Kinacholevya katika bangi hakitoki katika mbolea. Mmea wenyewe ndio unaokitengeneza. Ukiupa samadi utalevya. Ukiupa mbolea ya kiwandani utalevya. Tumbaku nayo ni mmea, na inaua watu.

Bangi inamdhuru mtu namna gani? Inapunguza uwezo wa kukumbuka na kufikiri upesi. Moshi wake unaumiza mapafu. Mama mjamzito akiivuta, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Vijana ndio walio katika hatari zaidi, kwa sababu ubongo wa mtu huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Kijana anayeanza mapema na kuvuta kila siku anaweza kupata ugonjwa wa akili. Si kila mvutaji anaupata. Lakini hakuna anayejua mapema kwamba ni yeye atakayeupata.

Wengine husema, "Mbona bangi ni dawa?" Ni kweli kwamba wataalamu wametengeneza dawa kutokana na mmea huu. Iko dawa ya aina fulani za kifafa cha watoto, ambayo Marekani iliikubali mwaka 2018. Lakini dawa hiyo husafishwa, hupimwa, na hutolewa na daktari. Majani ya kwenye debe hayapimwi na mtu yeyote.

Wengine husema, "Mbona nchi nyingine zimeruhusu?" Ni kweli. Kanada iliruhusu watu wazima mwaka 2018. Malawi ilipitisha sheria mwaka 2020 ya kuruhusu kilimo chake kwa leseni, kwa ajili ya dawa na viwanda. Lakini sisi tuko Tanzania. Hapa iko Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Sheria hiyo inakataza kulima bangi, kuwa nayo, kuiuza na kuitumia. Haisemi kwamba madebe matatu ni machache. Wako wakulima waliohukumiwa kifungo cha miaka 30. Hata mwenye nyumba anayejua na kuruhusu anaweza kushtakiwa. Fikiri, ndugu msomaji. Mtoto wa miaka miwili atakuwa mtu mzima wa miaka 32 mjomba wake atakapotoka gerezani.

WAZEE WALIJUA KUTENGENEZA UDONGO

Sasa turudi kwenye samadi. Kijana yule ana ujuzi. Tumsaidie autumie vizuri.

Bukoba hupata mvua nyingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua nyingi hutufurahisha, lakini huosha rutuba na kuizamisha chini. Ndiyo maana udongo wa rweya ni maskini na una uchachu. Basi kwa nini udongo wa kibanja ni mweusi? Haukuwa mweusi tangu mwanzo. Wazee wetu waliutengeneza. Walikata nyasi za rweya wakazitandaza chini ya migomba. Walileta samadi ya ng'ombe, majivu ya jikoni na maganda ya ndizi. Mwaka hadi mwaka, rutuba ilihama kutoka rweya ikaja nyumbani.

Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi sana katika sehemu zetu na Afrika Mashariki yote. Ng'ombe wakipungua, samadi hupungua. Siku hizi watu wameongezeka, mashamba yamegawanywa, na nyasi za kukata ni chache. Kwa hiyo vibanja vingi vimechoka. Mtu wa mjini kama yule mama wa Hamugembe hana rweya kabisa. Lakini ana jalala na mbuzi wawili. Vinatosha kuanza.

JINSI YA KUTENGENEZA MBOJI

Mboji ni mbolea inayotokana na taka zilizooza vizuri. Fanya hivi:

1. Chagua mahali penye kivuli, mbali na kisima. Chini ya migomba panafaa. Lainisha ardhi kwa jembe.

2. Tandaza vijiti na mabua chini, ili hewa ipite. Upana uwe kama meta moja na nusu.

3. Weka majani makavu, unene wa kiganja. Juu yake weka majani mabichi na maganda ya jikoni. Kisha weka samadi kidogo. Mwisho weka udongo kidogo. Nyunyiza maji.

4. Rudia hivyo mpaka lundo lifike kiunoni au kifuani. Majivu nyunyiza kidogo tu. Yanapunguza uchachu wa udongo, lakini yakizidi yanaharibu.

5. Funika lundo kwa majani ya migomba, ili mvua isioshe rutuba na jua lisilikaushe.

6. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, lundo linafanya kazi. Kikiwa kikavu na baridi, ongeza maji. Kikinuka vibaya, maji yamezidi, geuza lundo.

7. Baada ya majuma matatu, geuza lundo lote. Ya nje yaingie ndani, ya ndani yatoke nje. Geuza tena baada ya majuma mengine matatu.

8. Kwa kawaida mboji huwa tayari baada ya miezi mitatu hivi. Huwa nyeusi, laini, na hunuka kama udongo wa msituni baada ya mvua.

Kwa nini tunageuza? Ule moto wa ndani ya lundo unaua vijidudu vya magonjwa na mbegu za magugu. Usipogeuza, taka za nje hazipati moto huo.

TAHADHARI SITA

Samadi ni rafiki, lakini ina vijidudu. Kwa hiyo shika mambo haya sita.

Kwanza, usiweke samadi mbichi kwenye mboga zinazokaribia kuliwa. Kama huna mboji, changanya samadi na udongo miezi minne kabla ya kuvuna.

Pili, usitumie kinyesi cha binadamu bustanini. Mayai ya minyoo huweza kukaa hai katika udongo kwa miaka. Mtoto mwenye minyoo hafaidi chakula, hata ukimlisha vizuri. Choo kitumike, na kifunikwe.

Tatu, jihadhari na pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, na huingia mwilini kwa kidonda. Vaa viatu au mabuti. Ukijikata kwa jembe, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha nenda zahanati uulize habari ya chanjo. Wala usipake samadi, udongo au majivu kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Desturi hiyo imezika watoto wengi.

Nne, osha mikono kwa sabuni baada ya kazi. Osha pia mboga kwa maji safi kabla ya kupika.

Tano, migomba yenye mnyauko usiitie katika lundo. Ugonjwa huo uliingia mkoani Kagera miaka ya 2005 na 2006, na umeangamiza vibanja vingi Muleba na kwingineko. Panga lililokata mgomba mgonjwa lipitishe motoni kabla ya kukata mwingine. Ukiona dalili, mwite bwana shamba.

Sita, usitie plastiki, chupa wala betri za redio. Haviozi. Betri zina sumu.

TUPANDE NINI?

Tupande mboga za majani. Mwaka 1973 taifa letu lilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu wazima walikusanyika kusikiliza redio, wakasoma na kujadiliana juu ya chakula bora. Mafunzo yale hayajazeeka. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022, watoto wapatao 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa.

Sisi watu wa Kagera tunapenda ndizi na maharage. Ni chakula kizuri. Ndizi zinatia nguvu. Maharage yanajenga mwili. Lakini mtoto anahitaji pia mboga za kijani na matunda. Mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, mnafu na matembele yana vitamini A, inayolinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa. Yana pia madini ya chuma, yanayotengeneza damu. Papai bivu na viazi vitamu vya rangi ya karoti vina vitamini A nyingi.

Pima tuta la meta moja kwa meta tatu. Changanya madebe mawili ya mboji na udongo wa juu. Mbegu za mchicha ni ndogo sana, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzisie katika mistari. Mwagilia asubuhi au jioni. Baada ya majuma matatu au manne utaanza kuvuna. Panda tuta jingine kila baada ya majuma mawili, ili mboga zisikatike.

Huna nafasi ya tuta? Jaza kiroba udongo na mboji. Toboa matundu pembeni na upande miche humo. Hata debe linafaa, likitobolewa chini ili maji yatoke.

Wakati wa kupika, usichemshe mboga mpaka zipoteze rangi, wala usimwage maji yake. Tia mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A huhitaji mafuta ili iingie mwilini. Baada ya chakula mpe mtoto chungwa au papai. Usimpe chai pamoja na chakula, kwa maana chai huzuia madini ya chuma.

Kumbuka: mboga husaidia damu isipungue tena, lakini hazichukui nafasi ya matibabu. Mtoto aliyepauka lazima apimwe. Huenda ana malaria au minyoo. Dawa aliyopewa zahanati aimalize.

MADEBE MATATU

Turudi Hamugembe kwa yule mama. Afanye nini? Asipige kelele mpaka jirani wajae. Amkalishe kijana wake amweleze juu ya sheria, na juu ya miaka 30. Kisha ile miche ing'olewe siku hiyohiyo. Kama kijana naye anavuta na anashindwa kuacha, asifukuzwe nyumbani. Apelekwe zahanati, nao watamwelekeza hospitali. Kushindwa kuacha ni ugonjwa, na wagonjwa hutibiwa.

Lakini asiishie hapo. Kijana hakupanda bangi kwa sababu ni mwovu. Aliipanda kwa sababu hana fedha, na ana mikono inayojua kazi. Ukimnyang'anya madebe bila kumpa jembe, atatafuta kichaka kingine. Mama amwambie, "Mwanangu, udongo huu umeutengeneza vizuri. Sasa tuutumie mchana, watu wakiona." Madebe yaleyale yapandwe mchicha. Fungu la kwanza ale mjukuu. Yanayobaki yapelekwe sokoni.

Hatutaki kumdanganya mtu. Mchicha wa madebe matatu hautamtajirisha kijana. Lakini mwenye mchicha halali akisikiliza kama mbwa wanabweka. Na mtoto akila mboga, na dawa akizimaliza, viganja vyake vitaanza kurudi rangi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nyumbani kwako taka za jikoni zinakwenda wapi?
2. Kwa nini samadi mbichi ni hatari kwenye mboga?
3. Kijana akisema, "Bangi ni mmea wa asili tu," utamjibu nini?
4. Vijana wa mtaa wenu wanaweza kupata kazi gani kutokana na mboji na mboga?

Someni habari hii kwa sauti, wewe na wa nyumbani mwako. Kisha jumamosi hii anzeni lundo la kwanza.